Kabla ya Kwenda Kuwaona Ndugu wa Shamba

Safari nyingi za kwenda kuwaona ndugu wa shamba huharibikia kwenye simu, hata kabla begi halijafungwa. "Hamjambo huko?" "Hatujambo." "Mvua je?" "Tunashukuru." Simu inakatwa na hakuna aliyejua kitu. Mgeni hajui kwamba kivuko kimesombwa na maji, na mwenyeji hajui kwamba mgeni anakuja na mtoto mchanga pamoja na shangazi anayetumia insulini. Kwa hiyo cha kwanza kuandaa ni maswali, tena yale ambayo "salama" peke yake haiwezi kuyajibu.

Anza na njia. Usiulize kama barabara ni nzuri, maana kila mtu huisifu ya kwao. Uliza ni nani amepita wiki hii, alipita na gari la aina gani, na kutoka lami inapoishia alitumia saa ngapi. Ramani ya kwenye simu hukadiria muda wake vizuri panapopita magari mengi. Tope la jana usiku kwenye njia ya shambani hailijui. Uliza pia gari la mwisho huondoka saa ngapi na, likikuacha, utalala kwa nani. Kama kuna mto wa kuvuka, kubalianeni mapema kabisa kwamba mkiukuta umejaa mtasubiri, hata kama chakula cha kuwapokea kimeshaiva. Maji ya kina cha sentimita 30 tu yanayokwenda kasi yanaweza kulibeba gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Mgeni aliyetoka mbali ana haraka, na uamuzi huu ni rahisi zaidi kuufanya akiwa bado nyumbani kwake.

Halafu shamba lenyewe. Wiki za kupanda na kuvuna, mwenyeji hatakukataza kuja, lakini atakuhudumia usiku na kulima alfajiri. Muulize waziwazi ni wiki ipi mna nafasi. Ukienda wakati wa kazi, nenda na nguo za kazi na viatu vilivyofunika vidole, na siku yako ya kuondoka uitaje kwenye ujumbe wa kwanza. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakuwa wakitania.

Afya ndiyo watu huipitia haraka, hasa wale wanaorudi walikozaliwa. Kuna kauli inayowalaza wengi hospitalini: "Mimi nimekulia huko, mbu hawanifanyi kitu." Kinga ya mwili dhidi ya malaria, ile inayojengeka kwa kuambukizwa mara kwa mara, ni ya nusunusu tu na hupungua mtu akishahama akakaa miaka mahali pasipo na ugonjwa huo. Watoto aliozaa ugenini hawajawahi kuwa nayo kabisa. Wao na mzazi wao wahesabiwe wageni. Dawa za kuzuia malaria haziko sawa: zipo zinazoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, na zipo za kuanzwa wiki mbili au zaidi kabla, na nyingine huendelea kumezwa hadi wiki nne baada ya kurudi. Kwa hiyo daktari aonwe mapema, wala isiwe jioni ya kufunga mizigo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchanjwa kwa mara ya kwanza. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo aliye nacho cha zamani asikitupe. Na yeyote atakayepata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi aende kupimwa siku hiyohiyo, na amweleze daktari alikuwa wapi bila kusubiri kuulizwa.

Dawa za kila siku za wazee zibebwe za siku za safari na za akiba, zikiwa kwenye pakiti zake, mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na haipaswi kuganda. Swali la kumuuliza mwenyeji hapa ni dogo lakini la lazima: mna jokofu, na umeme hukatika kwa muda gani?

Wenye watoto wadogo, mtangulizeni mtu mzima mmoja azunguke uani kabla watoto hawajaachiliwa kucheza. Kisima kina kifuniko? Panga na mashine ziko wapi? Cha kutazama kwa makini zaidi ni chupa ya soda yenye kimiminika iliyowekwa juu ya kabati au nyuma ya mlango wa stoo. Mara nyingi ni dawa ya kuua magugu au wadudu iliyomiminwa kutoka kwenye dumu kubwa. Mwenye nyumba anaijua, na watoto wake wanaijua. Mtoto wa mjini anaona soda. Mwambieni mwenyeji bila kuona haya airudishe kwenye chombo chake chenye lebo na kukifungia, na afanye hivyo kabla hamjafika. Mbwa pia wasizoewe siku ya kwanza. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali bila kuchelewa, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Mifugo nayo ina haki zake. Aliyetoka kwenye zizi jingine aoshe viatu na abadili nguo kabla ya kuingia zizini. Makombo ya nyama mliyosafiri nayo wasipewe nguruwe, kwa kuwa virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika hudumu muda mrefu ndani ya nyama, na ugonjwa huo ukiingia bandani huweza kumaliza banda zima. Mnaovuka mipaka, nchi nyingi huzuia nyama, maziwa, mbegu na miche: soma masharti kabla ya kupokea zawadi ya kurudi nayo. Hapohapo kagua pasipoti, kwani nchi kadhaa hutaka ibaki na miezi sita, na mtoto anayesafiri na mjomba au bibi apewe barua ya idhini ya wazazi.

Simu: jueni ni wapi pana mtandao na ni saa ngapi mtatafutana. Panapokamata kwa shida, ujumbe mfupi mara nyingi hufika pale ambapo kupiga kunashindikana. Betri ya akiba huingia ndege kwenye mzigo wa mkononi tu, na kikomo cha kawaida ni wati-saa (Wh) 100, kama miliampia-saa (mAh) 27,000.

Mwisho, habari za kupeleka na za kurudisha. Ndugu waliotawanyika hungoja habari hizi kuliko zawadi. Kabla ya kuondoka zipange: nani ameoa, nani amehama, nani ameugua, na yapi bibi bado hajaambiwa. Habari ya msiba isitangulie kwenye kundi la familia kabla ya wenye msiba kupigiwa simu au kuonwa ana kwa ana. Nimeona kaka akijua kifo cha dada yake kutoka kwenye rambirambi za binamu, na hilo halisahauliki. Picha ya mgonjwa isipigwe bila ruhusa yake, hata awe mama yako. Picha za safari zitumeni mkisharudi, msije mkawatangazia watu kwamba nyumba ni tupu, na kumbukeni simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa.

Bebeni pia picha chache zilizochapishwa kwa ajili ya wazee wasiotumia simu. Nyuma yake andikeni kwa penseli majina ya waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na mwaka. Wao nao wakitoa za kwao, waombeni wawataje waliomo huku simu ikirekodi sauti, kisha nakala ya rekodi itumwe kwa ndugu mwingine kabla hamjaanza safari ya kurudi.