Jinsi ya kulinganisha redio ya bei nafuu na ya bei ghali kwenye maonyesho ya biashara

Nafunga mitambo ya sauti majumbani na kwenye maharusi hapa Unguja. Kila yakimalizika maonyesho ya biashara ya Nyamanzi huulizwa swali lile lile: "Fundi, nimesikiliza sabufa ya laki 4 na spika za milioni 12, na ya laki 4 imenipendeza zaidi. Ninunue?" Nami huuliza: volyumu zilikuwa sawa? Mara nyingi jibu ni kimya.

Sikio likipewa sauti mbili huipenda iliyo juu kidogo, hata tofauti ikiwa desibeli 1 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Na mtu hasemi "hii iko juu." Husema "hii ni safi, hii ina besi." Ndiyo maana mlinganisho wa maonyesho unahitaji maandalizi.

Hatua ya 1: Tayarisha flashi yako nyumbani

Usikubali kusikilizishwa muziki wa muuzaji. Ameuchagua kwa sababu unaipendezesha bidhaa yake. Chukua taarab asilia iliyorekodiwa vizuri, unayoijua mpaka pumzi za mwimbaji. Ganuni ndiyo kipimo changu cha kwanza. Kila noti yake ina nyuzi tatu, na mpigaji huzichapa kwa vipande alivyovifunga kwenye vidole vya shahada. Twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) dhaifu huufanya mchapo ule ukwaruze, na mlio unaobaki nyuma hufa upesi. Ongeza kisomo cha Qur'ani cha msomaji mmoja bila mwangwi wa kutiwa studio, na kipande chenye besi kubwa la nyuzi, ambalo uzi wake wa chini kabisa hulia kwenye hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde.

Rekodi za Siti binti Saad za Bombay mwaka 1928 ziache nyumbani, hata kama unazipenda kama ninavyozipenda mimi. Santuri za wakati ule hazikubeba besi ya chini wala trebo ya juu, kwa hiyo haziwezi kukuonyesha redio ghali inakuzidishia nini.

Hifadhi mafaili ya WAV au FLAC, yasiyopoteza chochote cha sauti, si wimbo uliotumiwa kwa WhatsApp. Tumia flashi au waya kwa redio zote mbili. Bluetooth iache, maana huibana sauti kabla haijafika kwenye spika.

Hatua ya 2: Fika mapema

Nenda asubuhi, kabla ya msongamano na majenereta. Keti mbali na spika kiasi cha mita 2, masikio yakiwa usawa wa twita. Angalia pia spika zimewekwa wapi: iliyosogezwa kwenye pembe ya banda inapata besi ya bure kutoka ukutani. Omba zote mbili zikae mahali pamoja.

Hatua ya 3: Sawazisha volyumu

Ukikosa muda wa hatua nyingine, hii usiiache.

Zima kila kitu cha kunogesha: ekoliza, besi ya ziada, na vile vitufe vya "3D". Kisha piga pinki noizi, ule mvumo wa "shshsh" usiopanda wala kushuka. Uwe nao kwenye flashi. Weka simu yenye programu ya kupimia desibeli juu ya kiti, pale kitakapokuwa kichwa chako, na usiishike mkononi. Pandisha redio ya kwanza mpaka isome 75, halafu ya pili mpaka isome hiyo hiyo. Namba itachezacheza, basi itazame kwa sekunde 10 uchukue wastani. Tofauti isizidi nusu desibeli. Banda likiwa na kelele, mvumo wako uipite kelele hiyo kwa desibeli 10 au zaidi.

Simu si chombo cha maabara, lakini hapa haidhuru, kwa sababu kosa lake ni lile lile kwa redio zote mbili. Namba za kwenye kitufe cha volyumu usizifuate kabisa. 20 ya redio hii si 20 ya ile. Ukishasawazisha, mwambie muuzaji kwa upole: "Ndugu yangu, tafadhali volyumu tuiache hapo hapo."

Hatua ya 4: Usisome wati za kwenye boksi

Boksi likiandika PMPO 5000, yaani wati za kilele cha mara moja, geuza redio usome kibandiko cha nyuma. Kikisema inakula wati 60, haiwezi kutoa zaidi ya hizo mfululizo. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani wati inazotoa mfululizo. Na ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu.

Hatua ya 5: Sikiliza bila kuona

Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwapima wasikilizaji wakiziona spika na wasipoziona, na alama zilibadilika. Chukua doti ya kanga: kipande kimoja mbele ya redio hii, cha pili mbele ya ile. Kanga hupunguza trebo kidogo, lakini kwa zote sawa. Mwenzako abadilishe kila baada ya nusu dakika, nawe uandike.

Kwenye kisomo, sikiliza kama msomaji amesimama katikati ya spika mbili, na kama "ha" na "ain" zake zinatoka kooni moja moja bila kuvurugana. Kwenye besi, je, noti zinatofautiana, au zote ni "bu, bu, bu"? Sabufa nyingi za bei nafuu huangukia hapa. Halafu teremsha zote mpaka sauti ya mazungumzo: redio nzuri bado itakupa maneno.

Kwa nilivyosikia mimi, kutoka laki 4 mpaka milioni 2 unapata badiliko kubwa. Kuanzia hapo kila milioni inanunua kidogo kuliko iliyotangulia.

Hatua ya 6: Fikiria nyumba yako kabla ya kulipa

Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe na sakafu za vigae hurudisha sauti vibaya. Piga kofi sebuleni. Ukisikia mlio unarindima, nunua kwanza zulia na mapazia mazito, ndipo uongeze bei ya spika.

Hewa yetu ya chumvi pia ina lake. Gusa ukingo wa koni ya spika: wa mpira hudumu, wa sponji humomonyoka kwa unyevu. Kibandiko kiseme volti 220 hadi 240. Redio ya volti 120 kutoka Marekani itahitaji transfoma. Tenga na pesa ya stebilaiza, chombo cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka.

Mwisho, omba boksi lililofungwa lifunguliwe mbele yako, lipigwe kwa flashi yako mwenyewe, na namba ya modeli iandikwe kwenye risiti, kwa sababu ya maonyesho na ya kuuzwa si lazima ziwe moja.