Somo: Kutambua kamshafti ya Massey Ferguson 135

Wakuu, msimu uliopita nilitoka Nyakato hadi Magu na kamshafti mpya (shafti inayofungua valvu za injini) ndani ya gunia, nikarudi nayo vilevile. Dukani waliniambia "hii ya 135", nami nikalipa. Jina la trekta halitoshi. 135 zilianza kutoka 1964. Nyingi tunazoziona zina injini ya Perkins AD3.152 ya dizeli, ila zipo za petroli, na Marekani zilifungwa hata Continental. Halafu kuna mafundi wetu, wamehamisha injini miaka na miaka.

1. Soma namba ya injini kwenye bloku, si bati la trekta. Sugua grisi kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, upige picha.

2. Fungua ya zamani, uilaze sambamba na mpya. Linganisha urefu, sehemu ya kukaa gia, na unene wa kila shingo inayokaa kwenye bloku. Yangu ilikwama hapo: shingo ya mbele iligoma kuingia. Hesabu nundu (vile vimo vinavyosukuma shafti ikizunguka): sita za valvu, pamoja na ile ya kusukuma fidi pampu (pampu ya kuvuta mafuta tangini), ambayo wengi huisahau.

3. Pima nundu kwa maikromita, venia itakudanganya. Pima kimo kutoka nchani hadi mgongoni, geuza digrii 90 upime upana, kisha toa. Tuseme 42 toa 34: tapeti (kipande kinachosukumwa na nundu) inanyanyuliwa milimita 8. Nundu ya inteki (valvu ya kuingiza hewa) ilinganishe na ya inteki, ya ekzosi (ya kutoa moshi) na ya ekzosi. Ya zamani imeshalika, kwa hiyo kipimo chako ni nundu iliyolika kidogo kuliko zote, usichukue wastani.

4. Tapeti ziwe mpya. Za zamani zitaila kamshafti mpya.

MASWALI

– Mkuu, namba yangu imefutika kabisa.
Pima silinda: AD3.152 ina tatu, kipenyo milimita 91.4, pistoni inasafiri 127. Na dukani nenda na ya zamani mkononi.

– Nimefunga gia, alama zake zikakutana, nimezungusha mara mbili hazikutani tena. Nimeharibu taimingi?
Hapana kaka. Gia ya kati haizunguki sawa na wenzake, alama yake hurudi baada ya mizunguko mingi. Usifungue.

– Mwangaluka fundi. Siwezi kujaza weldi kwenye nundu iliyolika kisha nikachonga?
Mwangaluka. Mashine ya kawaida ya kuchonga inatoa duara, na nundu si duara. Ugumu wa chuma nao unaondoka na moto. Niliyowahi kuona ilikufa kabla ya kumaliza shamba la pamba.