No Man's Sky: vunja meli za watu, uinue yako

Kwa wanaocheza No Man's Sky, mchezo wa video wa kusafiri angani: nanaiti, yaani sarafu ya kuboreshea vifaa, ndizo zinazokwamisha wengi, siyo madini. Kupandisha meli kutoka daraja C hadi B ni nanaiti 10,000, B hadi A 25,000, A hadi S 50,000. Jumla 85,000, na bado hujanunua moduli (kiboreshaji cha kifaa) hata moja.

Njia ninayoipenda ni kukaa kwenye kituo cha angani katika mfumo wenye uchumi tajiri, kununua meli za bei ya kati zinazotua, kisha kuzivunja papo hapo kwenye mashine ya kituo. Unapata vipuri vya kuuza, moduli, na mara nyingine kiongeza nafasi ya meli. Vipuri viuze upate pesa za kununua meli nyingine. Moduli usizozihitaji wapelekee wauza moduli, wao hulipa kwa nanaiti. Kiongeza nafasi usikiuze kamwe!

Kabla ya kufunga chochote, kagua sloti zinazong'aa, yaani nafasi zinazoongeza nguvu ya kifaa unachokiweka humo. Hazizidi nne na kwenye meli huwezi kuzihamisha, kwa hiyo mimi huziachia silaha ninayoitegemea na moduli zake bora. Moduli za aina moja mwisho ni tatu. Ukiweka ya nne zinazidiwa, hazifanyi kazi.

Na shaba: kwenye sayari zenye hali mbaya ya hewa katika mifumo ya nyota ya njano kuna shaba hai. Ile ya kawaida ukiisafisha, mbili hutoa metali kromatiki (malighafi ya kutengenezea vifaa) moja. Hii hai, moja hutoa moja.