Kompyuta ya mezani ikichemka, tafuta kwanza joto limekwama wapi

Kompyuta inayozimika ghafla katikati ya kazi mara nyingi haijafa, inajiokoa. Prosesa, yaani chipu kuu inayofanya kazi zote za kompyuta, ikikaribia kikomo chake cha joto hupunguza mwendo yenyewe, na joto likizidi kupanda mashine hujizima. Ndiyo maana wengi huniletea kompyuta "nzito" wakitaka waongezewe memori au wawekewe Windows upya, kumbe kinachowasumbua ni joto. Ufundi huu nimeufanya kwa miaka mingi, na bado huniuma kuona mtu amenunua feni mpya, akazifunga, na mashine ikaendelea kuchemka vilevile kwa sababu hakuna aliyepima.

Basi pima. Weka programu ya kusoma joto kama HWiNFO au Core Temp. Kwa matumizi ya nyumbani hazilipiwi. Acha mashine itulie kama dakika kumi bila kazi, kisha usome joto la prosesa. Nyuzi 30 hadi 50 si tatizo. Halafu ipe kazi inayoitoa jasho, mchezo mzito au kugeuza video, na usome tena. Nyuzi 60 hadi 80 nisingehangaika nazo. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo kwenye nyuzi 100 au karibu na hapo, na Ryzen nyingi za AMD kwenye 95. Kuna jambo moja hapa linalowatisha watu bure: Ryzen za mfululizo wa 7000 zimeundwa kuweza kufika 95 zikibanwa na kazi kubwa, na hapo hazijaharibika.

Ikiwa joto liko juu hata mashine ikiwa imetulia, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja lifunguke dirisha la Task Manager, uangalie ni programu gani inayoitumikisha prosesa. Virusi vinavyochimba sarafu za kidijitali kwa siri huonekana hapo, ingawa baadhi hujificha mara tu unapofungua dirisha hilo. Ukitilia shaka, ichunguze mashine kwa programu ya kuzuia virusi.

Sasa jaribio ninalolithamini kuliko yote, na halihitaji kifaa chochote zaidi ya bisibisi. Fungua kifuniko cha ubavuni, rudia kazi ileile kwa muda uleule, usome joto tena. Likishuka kwa nyuzi kumi au zaidi, prosesa inapozwa vizuri ila kasha halipumui. Lisiposhuka, au likishuka kidogo tu, hewa ya kasha haina kosa. Joto limekwama kati ya prosesa na hitisinki, yaani kile kipande cha chuma chenye mapezi membamba kilichokaa juu yake, au limezuiwa na vumbi ndani ya mapezi hayo.

Vumbi ndilo la kuondoa kwanza, jibu liwe lolote. Zima, chomoa waya ukutani, ushikilie kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine. Usipulize juu juu. Toa feni iliyo juu ya hitisinki, maana vumbi baya hujificha chini yake likiwa limeshikamana na kuziba mapezi, na feni ikiwa mahali pake hulioni. Lilegeze kwa brashi laini, kisha upulize huku umezuia panga za feni kwa kidole zisizunguke. Mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani iache, inaweza kuzalisha umeme tuli unaoua vipuri. Pawa saplai, kile kisanduku kinachoingiza umeme wa ukutani, pulizia kwa nje tu, usiifungue kamwe: kapasita zake hubaki na umeme hatari hata waya ukiwa umechomolewa.

Kama kasha ndilo halipumui, lisogeze mbali na ukuta, ulitoe kwenye kabati lililofungwa. Feni za mbele ziingize hewa, za nyuma na za juu ziitoe. Feni nyingi hutolea hewa upande wenye vile vishikizo vinavyobeba mota, kwa hiyo ukitazama tu utajua iliyofungwa kinyume.

Pesti, yaani ule ute unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki kupitisha joto, ndiyo inayotaka utulivu. Ikikauka, joto halivuki kuingia kwenye hitisinki. Kwenye Ryzen za soketi ya AM4 (soketi ni kikalio cha prosesa kwenye ubao), iache mashine ifanye kazi kidogo pesti ipate joto, izime na kuichomoa, kisha uisokote hitisinki taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukiivuta moja kwa moja, prosesa inaweza kung'oka nayo na pini zikapinda. Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, uweke mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, basi. Mgandamizo utaisambaza.

Hitisinki za Intel zenye pini nne za plastiki ndizo zinazowashinda wengi. Zisukume kwa jozi za mshazari mpaka zilie, kisha uchungulie nyuma ya ubao mkuu wa kompyuta (motherboard) kama zote zimetokeza. Pini moja isiyoingia inatosha kuinua upande mmoja wa hitisinki, na joto litarudi palepale hata pesti iwe nzuri kiasi gani. Kama hitisinki ni mpya, hakikisha umebandua karatasi ya plastiki iliyo chini yake.

Waya wa feni ya prosesa uchomeke kwenye ubao palipoandikwa CPU_FAN. Funga, washa, rudia vipimo vyote viwili. Andika namba na tarehe kwenye karatasi, uibandike ubavuni mwa kasha mbali na matundu. Siku joto likipanda tena utakuwa na cha kulinganisha nacho.