Somo: Namna ya kuandaa siku ya familia kwenye mechi ya kikapu cha wanawake, hapa hapa Tanga

Salaam wanachama. Wengi mmeniomba niandike jinsi ya kuandaa mechi ya kina dada ambayo baba, mama, bibi na watoto watakuja na kukaa mpaka filimbi ya mwisho. Ninachoamini ni hiki: mtoto akishika mpira, na mchezaji akamwita kwa jina lake, familia nzima itarudi mechi ijayo. Asiposhika, hata ukodi muziki mkubwa namna gani, hutawaona tena.

WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani iliyoanza kuchezwa mwaka 1997, wanalijua hili vizuri. Timu zao huweka baadhi ya mechi mchana wa siku za kazi wakati shule zimefungwa, na majukwaa hujaa watoto walioletwa kwa mabasi kutoka kambi za likizo. New York Liberty wana Ellie, mtu aliyevaa vazi la tembo mwenye msuko mrefu, na akianza kucheza muziki watoto hawakai tena vitini. Pembeni ya kumbi kunakuwa na kuchora nyuso, magoli madogo ya kurushia mpira na meza za michezo. Mengi ya hayo tunayaweza.

Hatua ya 1: Panga saa kwa kufuata swala na jua

Watoto waingie saa 10:00, baada ya Alasiri, mpira urushwe saa 10:20. Kota nne za dakika 10, ukijumlisha na kusimama kwa saa, huchukua kama saa moja na nusu. Kabla ya saa 12 mmemaliza na watu wanaiwahi Magharibi bila kukimbizana.

Hatua ya 2: Goli la mtoto

Hapa msifanye haraka, ndipo penye shughuli yenyewe. Ringi ya wakubwa iko mita 3.05 kutoka chini. Mtoto wa miaka saba akirusha, mpira unafika nusu ya njia. Akirudia mara mbili anaona aibu na kwenda kukaa. Ndiyo maana kikapu cha watoto kina ringi ya mita 2.60 na mpira namba 5, wakati wanawake wanachezea namba 6.

Kama hamna ringi ya kushushwa, chukueni tenga la machungwa ya Muheza, likateni kitako, mlifunge kwenye nguzo kwa kamba ya katani, juu kidogo ya pale mtu mzima anapofika akinyoosha mkono. Msione kuwa ni kitu cha kubahatisha. James Naismith alipoanzisha mchezo huu mwaka 1891 alipigilia matenga ya matunda ukumbini, na mwaka uliofuata mwalimu Senda Berenson alikuwa tayari anawafundisha wasichana wa chuo.

Kila tenga lisimamiwe na mchezaji aliyevaa jezi ya mechi, asiwe mtu wa kujitolea tu. Nimemwona binti mdogo amekumbatia mpira kwa mikono miwili, akauinamia, akaurusha kutoka katikati ya magoti. Ukagonga ukingo wa tenga, ukasita, ukazama. Yule dada akapiga goti chini ili wagongane viganja. Bibi yake, aliyekuwa anataka waondoke, akatandika kanga na kukaa.

Hatua ya 3: Acha muda ukuchagulie mchezo

Wengi hukosea hapa, wanajaza burudani mpaka refa anasubiri uwanja uachwe wazi. Mapumziko ya nusu mechi ni dakika 15: hapo waingie watoto wacheze mechi yao fupi, au kikundi cha ngoma ya mdumange. Kati ya kota ya kwanza na ya pili, na kati ya tatu na nne, mna dakika 2: shindano moja tu, mzazi na mtoto wakidunda mpira kutoka mstari hadi mstari. Timu ikiomba muda, ni sekunde 60: wimbo mmoja na kila mtu acheze alipo. MC aeleze pia sheria moja moja, kwa mfano sekunde 24 ambazo timu yenye mpira inapewa iwe imerusha golini, ili bibi ajue kwa nini watu wanapiga kelele.

Hatua ya 4: Chakula, kivuli na usalama

Waiteni mama lishe wawili watatu: mihogo ya kukaanga, bhajia, juisi ya ukwaju, maji. Turubai upande wa magharibi. Mtoto mdogo aandikwe namba ya simu ya mzazi mkononi kwa kalamu. Picha za watoto zisipigwe bila ruhusa ya mzazi.

Hatua ya 5: Baada ya filimbi

Timu zote mbili zisimame safu mbili, watoto wapite katikati wakigonga mikono, kisha kila mtoto arushe mtupo mmoja kwenye goli la wakubwa au kwenye tenga. Klabu kadhaa za WNBA huwapa watoto nafasi ya kurusha mpira baada ya mechi. Msiliache hata kama mmefungwa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Pongwe: Kocha, kwetu ni vumbi tupu, mpira haudundi.*

Mwagieni maji asubuhi, mshindilie, jioni patakuwa pagumu. Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15, ila kwa watoto nusu inatosha. Mistari choreni kwa chokaa.

*Mama, Ngamiani: Binti yangu anavaa hijabu. Akikua ataruhusiwa kwenye mechi za kweli?*

Ataruhusiwa, dada yangu. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, walibadilisha sheria mwaka 2017, kufunika kichwa kunakubalika. Kwa sasa avae mtandio unaovutika, usiwe na pini.

*Baba wa watoto watatu, Chumbageni: Wangu wanamjua tu Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA, ligi ya wanaume ya Marekani. Niwatajie mwanamke gani?*

Anza na jirani yetu Mwadi Mabika, Mkongo, bingwa wa WNBA na Los Angeles Sparks mwaka 2001 na 2002. Mwenzake Lisa Leslie ndiye mwanamke wa kwanza kudanki kwenye ligi hiyo, Julai 2002. Ukitaka kuwaonyesha mechi, zile za usiku New York kwetu zinaangukia saa nane usiku. Tafuta za saa sita mchana kule: hapa ni saa moja jioni, mnaangalia huku mnakula.

*Mama, Raskazone: Shikamoo kocha. Mwanangu ana usonji, spika zinamtesa. Nimlete?*

Marahaba mwanangu. Mlete. Kaeni upande ulio mbali na spika, aje na kofia ya kuziba masikio kama anayo, na afike saa 10 kamili kabla watu hawajajaa, arushe mpira kwa utulivu. Ukifika niulize mezani. Nitamwambia MC apunguze sauti wakati wa zamu yake.