Kifua kinabana lakini umeambiwa mishipa ya moyo ni safi? Fanya hivi

Wamama wengi huku Kisumu wakisema kifua kinabana wanaambiwa ni asidi ama ni mawazo, wanapewa dawa ya vidonda vya tumbo wanarudi nyumbani. Shangazi yangu anauza omena soko la Kibuye, alizungushwa hivo karibu miaka miwili, na hata alipofanyiwa anjiogramu, ile ya kuingiza dawa kwa mishipa ya moyo na kupiga picha, akaambiwa mishipa ni safi, mama enda tu upumzike. Na bado alikuwa anasimama mara tatu kabla afikishe karai kwa steji.

Sasa elewa hapa vizuri. Hiyo picha inaonyesha mishipa mikubwa. Kuna mingine midogo sana, chini ya nusu milimita, haionekani hapo, na ndiyo inagawa damu ndani ya nyama ya moyo, so ikikataa kupanuka ukifanya kazi, ama ikijikaza yenyewe, moyo unakosa damu hata kama mikubwa iko wazi kabisa. Shida hii inapata wanawake zaidi, sana sana hedhi ikishakoma, ju estrojeni, homoni ya kike inayosaidia mishipa kupanuka inashuka. Huko Marekani walianza utafiti unaitwa WISE mwaka wa 1996 ju ya wanawake kama hawa, so usikubali kuambiwa unajifanya.

Anza na daftari. Wiki mbili, kila kifua kikibana andika saa, ulikuwa unafanya nini, ilikaa dakika ngapi. Kubana kwa mishipa midogo mara nyingi kunapita dakika 10, kunakuja ukifua nguo, ukikasirika, ama hata ukiwa umemaliza kazi umeketi. Saa zingine hakuna uchungu, ni pumzi kukatika na uchovu usioeleweka, hiyo pia andika.

Ukurasa mwingine weka historia: presha, sukari, kolesteroli, sigara, lupus (kinga ya mwili ikijishambulia yenyewe), baridi yabisi. Na tafadhali usisahau presha ya mimba! Hata kama huyo mtoto sasa ana miaka 25, mwambie daktari, ju inaongeza hatari ya moyo baadaye na wengi hawaulizwi.

Ukiingia kwa daktari uliza moja kwa moja: "Kama mikubwa iko wazi, inaweza kuwa ni mishipa midogo?" Kuna MRI ya moyo, picha ya mashine ya sumaku, inayofanywa ukipewa dawa ya kupanua mishipa ya moyo, na kuna kupima mwendo wa damu wakati wa anjiogramu yenyewe. Hazipatikani kila mahali, so omba barua ya kwenda kwa daktari wa moyo, na uliza kama unaweza kuanza matibabu ukingoja. Kuna dawa za presha zinazolegeza mishipa, kuna za kolesteroli, yeye ndiye atachagua, usiazime za jirani. Ile dawa ya kutuliza kifua ya kuweka chini ya ulimi isipokusaidia sana mwambie, haimaanishi si moyo.

Lakini kifua kikibana umepumzika na hakiachi, jasho baridi, kichefuchefu, uchungu unaenda kwa taya ama mkono, weka daftari kando. Usinywe maziwa ukingoja ipoe. Amsha mtu, tafuteni gari, mwende hospitali hiyo hiyo saa, hata kama juzi uliambiwa uko sawa.