Kusoma datashiti mbovu ya mosfeti kabla haijakuunguzia saketi

Kazi ya mfano: Arduino (bodi ndogo ya kudhibiti vifaa) ya volti 5 iwashe na kuzima pampu ya volti 12, ampia 10, kwenye betri ya sola. Ukiulizia mosfeti (transista inayotumika kama swichi) madukani Kampala, kuna uwezekano mkubwa upewe IRFZ44N. Datashiti yake (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) inatangaza volti 55 na ampia 49. Usilipe bado.

Hatua ya 1: Kagua alama. Chukua PDF ya mtengenezaji mwenyewe. Nakala za tovuti za kupakua zikikosa fonti ya Symbol, Ω hugeuka W na µ hugeuka m. Ukiona rezista ya geti (mguu unaowasha mosfeti) "10 W", ni omu 10, si wati. Ukiona kizingiti (volti ya geti ambapo mosfeti huanza kupitisha) kimepimwa kwa "250 mA", soma 250 µA. Ukiisoma kama ilivyoandikwa, umeshakosea mara 1000.

Hatua ya 2: Soma safu ya masharti. Hapa ndipo wengi huunguza vifaa. Kizingiti cha geti, VGS(th), ni volti 2 hadi 4, na mtu huona volti 5 zinatosha. Lakini kimepimwa mkondo ukiwa 250 µA tu: mosfeti ndiyo kwanza inaanza kupitisha. Mstari unaokuhusu ni RDS(on), yaani ukinzani kati ya miguu miwili mingine, dreini na sorsi, mosfeti ikiwa imewashwa: milioomu 17.5, geti ikiwa na volti 10. Kwa volti 5 hakuna ahadi yoyote. Grafu ya "typical" (ya kawaida) nayo si ahadi. Tafuta IRLZ44N, ambayo datashiti yake inataja milioomu 25 kwa volti 5.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya joto. Zile ampia 49 zinadai mwili wa mosfeti ubaki nyuzi 25, jambo ambalo ndani ya boksi chini ya mabati ni ndoto. Kwa IRLZ44N, mkondo × mkondo × RDS(on): 10 × 10 × 0.025 = wati 2.5. Bila hitisinki (bati la kupozea) ni takriban 62 °C/W, nyuzi 62 kwa kila wati, yaani nyuzi 155 juu ya joto la boksi. Boksi likiwa na nyuzi 45 unafika 200, na kikomo ni 175. Tena RDS(on) hupanda kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi. Funga hitisinki ya 10 °C/W au chini ya hapo.

(Diodi sambamba na pampu ni lazima. Jedwali la mosfeti halitakukumbusha.)

Hatua ya 4: Miguu. IRLZ44N ukiitazama upande wa maandishi: geti, dreini, sorsi, bati la mgongoni ni dreini, kwa hiyo lisiguse boksi la chuma. Transista ndogo ndizo zenye hila: PN2222A na P2N2222A zina miguu ya kolekta na emita kinyume. Angalia pia kama mchoro umechorwa kutoka chini.

Hatua ya 5: Pima uliyouziwa. Chukua balbu ya breki ya boda, volti 12 wati 21. Unganisha chanya ya betri kwenye balbu, balbu kwenye dreini, sorsi kwenye hasi. Hasi ya Arduino iungane na hasi ya betri, kisha geti ipewe volti 5. Gusisha multimita kwenye miguu yenyewe ya dreini na sorsi, si kwenye waya. Mkondo ni ampia 1.75, hivyo kwa milioomu 25 tarajia milivolti 44 au pungufu. Ukiona milivolti 300, irudishe dukani, hata kama maandishi yake yanang'aa.